Bia Iliyofunguliwa kwa Meno

Hilaire alikuwa na meno mazuri, na meno hayo ndiyo yaliyoitia nyumba yake balaa. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangekuwapo Jumapili ile alasiri katika baa ya Mama Blandine, mtaa wa Shituru, wangeongeza na meno. Maana Hilaire, akishaona watu wamekusanyika, hakuweza kuacha chupa ifunguliwe kwa kifungulio kama chupa za watu wengine. Alikuwa akiking'ata kizibo, anakitema, kisha anatabasamu. Hiyo ilikuwa sifa yake ya pili mtaani. Ya kwanza ilikuwa gitaa.

Gitaa hilo alilinunua kabla hajaoa, na mkewe Alphonsine alikuwa akiliita mke mwenzake. "Mwenzangu analala ku kitanda, minye nitalala wapi?" alikuwa akiuliza jioni, na Hilaire hucheka, lakini halitoi kitandani mpaka alifute kwanza kwa kitambaa. Mtu akikipenda kitu namna hiyo majirani huona utani tu, na kwa miaka mingi ulikuwa utani kweli.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, spika za Mama Blandine zimekaa kimya ukutani, na mteja wa Jumapili hanywi vizuri pasipo muziki. Ndipo Blandine akamwita Hilaire na bendi yake. Bendi ni neno kubwa. Walikuwa watatu: Hilaire, fundi wa karakana ya reli, na gitaa lake; Magloire, mdogo wake Alphonsine, aliyegonga chupa tupu kwa msumari mpaka miguu ya watu ikakataa kutulia; na Daniella, binti wa Hilaire, mwenye sauti. Walizoea sherehe za parokia na harusi za majirani, ambako malipo ni sahani ya bukari, yaani ugali, na shukrani. Kupiga baa ilikuwa mara yao ya kwanza, na Hilaire alikuwa amepiga pasi shati tangu asubuhi kwa pasi ya makaa.

Daniella alikuwa mwaka wa mwisho wa shule huko Mulungwishi. Alikuja nyumbani kupumzika, na kesho yake asubuhi alitakiwa kurudi kujiandaa kwa mtihani wa mwisho. Katika nyumba ya Hilaire palikuwa na amri moja ambayo hata Alphonsine hakuipinga: mtoto huyu haolewi mpaka amalize. Hilaire alikuwa ameitangaza mpaka uani pa kanisa, baada ya misa, kwa kila mwanamume aliyemtazama binti yake kwa jicho refu.

"Mutoto yangu iko anasoma," alikuwa akisema na kujipiga kifua. "Muntu akitaka kumugusa, atapita kwanza juu ya minye."

Watu walimwamini. Yeye mwenyewe alijiamini kuliko wote.

Alphonsine alikuwa mlangoni kwa nje, akichoma michopo ya mbuzi, moshi wake ukichanganyika na ile harufu kali ya kiwanda cha shaba ambayo watu wa Shituru huisahau mpaka siku watakapotoka Shituru. Ndani nyimbo zilikwenda vizuri. Bila umeme sauti ya Daniella ilisikika jinsi ilivyo, na wazee wa reli waliokuja kunywa chupa moja wakaagiza ya pili.

Kisha Évariste akaingia.

Évariste alikuwa mnunuzi wa mawe ya shaba kwa wachimbaji wadogo. Mizani ilikuwa yake, pikapu yake, bei yake. Alikuwa na mke mmoja mtaa wa Kikula na mwingine mtaa wa Panda, na tumbo la kuwatosha wote wawili. Nyuma yake walikuja vijana wake, mmoja akiitwa Papy, mwenye shingo pana kama kichwa chake. Magloire alichimba kwa mikono yake mwenyewe na kumuuzia Évariste, kwa sababu hakukuwa na wa kumuuzia mwingine. Alipomwona anaingia, msumari wake ulikosa pigo.

Évariste alikaa bila kusalimu. Alisikiliza akiwa anamtazama Daniella, si usoni tu, na wimbo ulipokwisha akamwonyesha Papy ishara kwa kidevu. Papy alitoka mpaka kwenye pikapu, akarudi na kreti ya bia. Juu ya kreti palikuwa na kitenge kipya kilichokunjwa, na juu ya kitenge kifungulio. Hakuiweka mbele ya Hilaire, mkubwa wa bendi. Aliiweka miguuni pa Magloire.

Mwenye macho haambiwi tazama. Kwa Mama Blandine hakuna bia inayoingia kutoka nje, na hakuna inayotoka kaunta ikiwa bado imefungwa. Blandine huzifungua mwenyewe. Blandine aliona, akaanza kufuta glasi zilizokwisha kufutwa, kwa sababu pikapu ile ilimletea wateja wengi. Magloire naye aliona. Aliacha kugonga chupa, akabaki akiitazama kreti kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

Hilaire peke yake ndiye hakuona. Alidhani shemeji yake anaona haya. Wanamuziki wa kweli hupewa bia na wakubwa, naye alikuwa ameingoja siku hiyo tangu ujana.

"Shemeki, unaogopa bière?" alisema kwa sauti ya kusikika. "Haiumake muntu. Ni minye naiumaka."

Akachukua chupa moja, akakiuma kizibo. Kiliruka, watu wakapiga makofi. Akaitia chupa mkononi mwa Magloire, povu likimtiririka vidoleni.

Magloire alimtazama Évariste. Évariste aliitikia kwa kichwa polepole, kama afanyavyo mbele ya mizani akishasema bei ya mwisho. Na Magloire, ambaye hakuwahi kushinda mbele ya mizani ile, akanywa.

Hilaire alijawa na shukrani mpaka kooni. Akapiga nyuzi, akabuni ubeti papo hapo wa kumwita baba wa watu:

"Évariste, papa ya bantu, Évariste, nyumba yetu iko wazi kwako."

Daniella akaitikia, kwa sababu ndiyo kazi yake katika bendi, kumwitikia baba yake. Na jina hilo likatoka kwa mlango mpaka kwenye jiko la michopo.

*

Alphonsine aliingia na chuma cha kugeuzia nyama mkononi. Aliiona kreti, akakiona kitenge, akaliona povu kidevuni mwa mdogo wake.

"Nani alifungula hii bière?"

"Ni minye, mama Daniella," alisema Hilaire, bado anatabasamu. "Na meno."

"Weye."

"Eyo. Juu ya nini unauliza?"

Alphonsine alikuwa mtu wa mto Lufira, wa upande wa Koni. Katika ukoo wa kwao mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Anayemtaka binti humwekea mjomba pombe iliyofungwa, mbele ya mashahidi. Ikibaki imefungwa, neno limekufa na hakuna aliyetukanwa. Mtu wa nyumba akiifungua na mjomba akainywa, binti ana mwenyewe. Baba yake Hilaire alikuja na reli kutoka Kasai, na kwa watu wa huko baba ndiye anayeulizwa, na anaulizwa kwa mbuzi. Hilaire alikuwa amelala na mwanamke huyu miaka yote hiyo, akala chakula chake na kuchekea utani wake, wala hakuwahi hata siku moja kuuliza kwao mambo yanakwendaje. Alijua nyuzi sita tu.

"Hii haiko bière ya kunywa," Alphonsine alimwambia. "Ni ya kulomba mutoto. Banamulomba Daniella, na weye papa yake ulifungula."

"Bière?" Hilaire aliweka kiganja juu ya nyuzi. "Kwetu banaletaka mbuzi. Banakuya ku nyumba, banakala, banasema."

"Hapa haiko kwenu," alisema Évariste.

Alikuwa amekwisha kusimama. Maneno hayo, katika mji huu, mtu mwenye jina la Kasai hayasikii mara moja tu maishani. Hilaire aliyasikia alipokuwa kijana, watu wa Kasai walipokuwa wakifukuzwa, akiwa amekaa juu ya mizigo ya familia kwenye kituo cha treni, wakingoja behewa la kuwaondoa. Wao walirudi. Maneno nayo yalirudi pamoja nao. Aliinamisha macho kwenye gitaa.

"Yaya," Magloire alimwambia dada yake, "aliniambia tu iko na neno. Ningekatala namna gani? Njo yeye ananunuaka mawe yangu."

"Na mutoto yangu iko jiwe?"

"Mama mukwe, pole-pole," Évariste alisema. "Papa alifungula, mujomba alikunywa, bantu bote banaona. Maji ikimwangika haizoleke."

"Minye sitaki," alisema Daniella.

Hakupaza sauti. Alisema kama anavyojibu darasani. "Kesho naenda Mulungwishi."

"Utaenda. Bibi yangu anaweza kusoma, minye sikatale." Évariste alimshika kifundo cha mkono. "Kuya kwanza ukale pale na minye, bantu bakuone."

Daniella alivuta mkono kwa nguvu, na kiwiko kikamgonga Évariste kichwani. Kofia yake ikaanguka, ikabingirika mpaka chini ya meza ya wazee wa reli. Mmoja wao akacheka.

Kofi la kwanza lilikuja bila kutangazwa. Hata Daniella hakujua kinachomjia mpaka sikio likaanza kulia. Papy alikuwa amekwisha kumkamata Alphonsine mikono kwa nyuma. Gitaa lilimteleza Hilaire magotini, akalidaka kwa shingo kabla halijagusa sakafu.

Halafu Évariste hakuharakisha. Aliinama akaichukua kofia yake, akaipangusa kwa mkono wa shati, akaivaa. Aliizungusha pete yake mpaka jiwe likaelekea kiganjani. Kisha akamgeukia Hilaire, akamwangalia, kana kwamba anaomba ruhusa. Baa nzima ilimwangalia Hilaire. Daniella naye, mkono shavuni, alimwangalia baba yake. Hapakuwa na meza wala mtu kati yao.

"Patron," alisema Hilaire, shingo ya gitaa mkononi, "tusemezane pole-pole."

Kofi la pili lilimpasua Daniella mdomo.

*

Chuma cha nyama kilikuwa bado mkononi mwa Alphonsine, na bado kilikuwa na moto wa makaa. Aligeuza kifundo cha mkono pale pale mgongoni alipokamatwa, akakikandamiza kwenye paja la Papy. Papy alilia kama mtoto, akamwachia. Watu walidhani atamrukia Évariste. Évariste mwenyewe alidhani hivyo, akainua mikono kujikinga. Alphonsine akampita. Alimwendea mdogo wake.

Magloire alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Mama yao alipougua, Alphonsine ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia nyama kabla hajaota meno. Kwa watu wao ndugu wa namna hiyo ndiye nguzo ya nyumba, na dada yake hamwinulii mkono hata kwa mzaha. Alphonsine alimpiga ngumi ya pua. Magloire akaanguka na kiti chake, na kabla hajajua juu wala chini, goti la dada yake lilikuwa kifuani.

"Tapika."

"Yaya, niache..."

"Tapika bière ya muntu."

Alimtia vidole kooni. Magloire aliuma, na aliuma kweli, damu ikamtoka mdomoni na haikujulikana ni ya nani. Alphonsine hakuvitoa vidole. Alimpiga goti la tumbo, akampiga tena, na huku anampiga alikuwa analia, machozi yakimdondokea Magloire usoni, na hilo ndilo lililowafanya watu washindwe kumzuia. Alipomsikia anaanza kutapika alimshika ukosi, akamburuta sakafuni mpaka mbele ya Évariste, na bia yote ikatoka hapo, juu ya viatu vyake.

"Ulisema maji ikimwangika haizoleke," alisema Alphonsine, akihema. "Njo hii nimeizoa. Iangalie kama iko yote. Kreti yako beba, kitenge yako beba. Mujomba hakukunywa kintu."

Kisha Mama Blandine, ambaye alikuwa amefuta glasi zake kwa muda mrefu kupita kiasi, akaweka kitambaa chini.

"Imetoka," alisema. "Minye niko shahidi. Na harufu yake pia imetoka."

Mzee wa reli akacheka tena, na safari hii hakucheka peke yake. Baa nzima ilicheka, kicheko cha watu walioogopa muda mrefu. Mwanamume kama Évariste anaweza kusimama mbele ya panga, lakini hawezi kusimama na matapishi juu ya viatu huku watu wanacheka. Alimpiga Magloire teke la mdomo, mara moja, na kila mtu alisikia meno yalivyoitika. Kicheko kikakatika. Lakini Évariste alijua kwamba hawezi tena kumchukua binti, si leo wala kesho, maana hakuna atakayesema kuwa amempata kwa haki. Akatafuta kitu kingine cha kuharibu.

"Gitari," alisema. "Muvunje ile gitari yake."

Hilaire alikuwa ameshapiga magoti. Alilikumbatia gitaa, akalilalia, akajikunja juu yake mpaka halikuonekana hata ncha. Vijana walimpiga mateke ya mgongo. Walimpiga mbavuni, na ubavu mmoja ulipovunjika sauti yake ilifika mpaka kaunta. Papy, akichechemea, alimkanyaga sikio. Walijaribu kumgeuza, wakashindwa. Wakamvuta mikono, wakashindwa. Ni lazima isemwe kwa haki: Hilaire alikuwa jasiri. Pale Shituru hawajaona mtu mwingine aliyevumilia kipigo namna ile bila kuachia. Daniella alisimama ukutani, kiganja mdomoni, damu ikipita kati ya vidole, akatazama mpaka mwisho.

Kilichowaondoa ni mawe. Vijana wa nyumba za reli walikuwa wamesikia kelele, wakaanza kuirushia pikapu, na kioo kilipopasuka Évariste alitoka mbio kuokoa mali yake. Kitenge alikisahau. Blandine alikipangusia sakafu.

*

Asubuhi mbavu za Hilaire zilikuwa zimefungwa kwa kipande cha shuka, naye amekaa juu ya kigoda uani kwa sababu hakuweza kulala. Magloire hakurudi nyumbani. Jirani mmoja alisema alimwona alfajiri, uso umevimba, akishika njia ya machimboni, na kwamba alimwita jina lake lakini hakugeuka.

Alphonsine alisikiliza huku anakata vitunguu kwa mkono mmoja. Kidole cha mkono wa pili alikuwa amekifunga kitambaa.

"Évariste alinibakisha bila ndugu," alisema. Halafu akajisahihisha, maana hakuwa mwanamke wa kujidanganya. "Minye mwenyewe nilimufukuza."

Hilaire aliingia ndani akishika ukuta, akatoka na gitaa. Alikuwa amelichunguza usiku kucha kwa vidole. Halikuwa na ufa wala mkwaruzo, hata uzi mmoja haukulegea. Alilipeleka kwenye jiko la makaa lililokuwa limeshika moto.

"Usitie ile ku makala yangu," alisema mkewe bila kuinua macho. "Rangi yake itanukisha nyama."

"Sitaki kuiona tena, mama Daniella."

"Basi usiione. Nyama yangu nitauzisha leo."

Hilaire alirudi kwenye kigoda, gitaa magotini, kwa kuwa hakujua pengine pa kuliweka. Ndipo Daniella alipotoka na begi lake, shati jeupe, sketi ya buluu, mdomo umevimba upande mmoja.

"Nitakusindikiza mpaka ku barabara," Hilaire alisema, akajaribu kusimama.

"Bakia, papa. Mbavu yako inauma."

"Nitatembea pole-pole." Alitafuta maneno. Tangu jana alikuwa ameyapanga, na sasa yalikuwa yametawanyika. "Daniella, unajua minye sikujua mambo ya ile bière. Ile meno yangu, ningejua... Na walinipiga pia. Uliona namna walinipiga."

Daniella aliweka begi chini. Hakuwa na hasira. Hilaire angeshukuru kama angekuwa na hasira.

"Niliona," alisema. "Bière nilisamehe, papa. Hukujua. Na ile kofi ya kwanza, hakuna muntu angeijua, hata minye sikuijua." Aligusa kidonda cha mdomo, kilichokuwa kikimvuta. "Lakini ya pili, ulikuwa na wakati."

Aliagana na mama yake kwa kumshika mkono ule mzima, akachukua begi, akaifuata njia. Alphonsine aliendelea na vitunguu. Hilaire alibaki kwenye kigoda na gitaa lake zima, akisikiliza viatu vya binti yake mpaka vilipofika barabarani.